Uzuri wa Maneno ya Kiingereza: Umo katika Sauti au katika Maana?

Hakuna lugha isiyokuwa na maneno ambayo wasemaji wake huyapenda kuliko mengine. Waingereza na Wamarekani wameligeuza jambo hilo kuwa desturi: huyakusanya na kuyaorodhesha. Kwa muda unaokaribia miaka mia moja sasa, watunga kamusi, waandishi, walimu na mashirika ya umma wamekuwa wakitoa orodha za maneno yasemekanayo kuwa mazuri kupita yote katika Kiingereza. Wengi huziona orodha hizo kuwa mchezo tu, na kwa kweli nyingine si zaidi ya hapo. Hata hivyo ndani yake limejificha swali zito la isimu: neno linapoitwa zuri, ni kitu gani hasa kinachosifiwa? Ni sauti yake, ni maana yake, au ni kumbukumbu zilizomo vichwani mwa walisemao?

Swali hilo lawahusu sana wanafunzi wa Kiingereza katika vyuo vya Kongo. Wao hukutana na maneno hayo kwanza kwenye karatasi, kabla ya kuyasikia kinywani mwa mtu, na mara nyingi huambiwa kwamba ni mazuri pasipo kuelezwa sababu. Makala haya yanakusudia kuyapima baadhi ya maneno hayo, ili ibainike sifa hiyo inatoka wapi.

1. Orodha ya mwaka 1932

Orodha iliyo mashuhuri kuliko zote ni ya Wilfred Funk, mchapishaji wa kamusi wa New York. Mwaka 1932 alitangaza maneno kumi aliyoyahesabu kuwa mazuri zaidi. Nayo ni haya: “dawn”, yaani mapambazuko, “hush”, kimya kinachoshuka baada ya kelele, “lullaby”, wimbo wa kumbembeleza mtoto alale, “murmuring”, sauti ya chini isiyokatika, kama ya maji ya kijito, “tranquil”, -tulivu, “mist”, ukungu mwepesi, “luminous”, -enye kutoa nuru, “chimes”, milio ya kengele zinazopokezana, “golden”, -a dhahabu, na “melody”, lahani.

Mtu akiyasoma maneno hayo mfululizo, atagundua kwamba yote yanachora karibu picha moja. Ni saa za mapambazuko au za jioni; nyumba imetulia; mtoto anasinzia; kengele inalia kwa mbali. Hamna shoka, hamna soko, hamna jasho. Haiyumkiniki kwamba sauti peke yake ndiyo iliyoyakusanya maneno kumi katika chumba kimoja namna hiyo. Maana imeshika usukani tangu mwanzo, ingawa mteuzi aliamini kwamba anayasikiliza kwa sikio tu.

Asili ya maneno hayo nayo haitoi jibu. “Dawn”, “mist” na “golden” ni ya jamii ya lugha za Kijerumani, yaani ni urithi wa kale wa Kiingereza chenyewe. “Tranquil” na “luminous” yametoka katika Kilatini, na “melody” katika Kiyunani kwa njia ya Kilatini na Kifaransa. Kwa hiyo dai lisikikalo mara kwa mara, kwamba Kiingereza kilipewa ugumu na Wajerumani wa kale na ulaini na Warumi, halipati ushahidi hapa.

Msomaji aliyesomeshwa kwa Kifaransa atatambua karibu nusu ya orodha hiyo, na huenda akashangaa. Neno “tranquil”, ambalo kwa Mwingereza ni la vitabuni na lina harufu ya ziwa lisilo na upepo, katika Kifaransa ni “tranquille”, neno la kila siku, tena ndilo litumikalo kumfukuza msumbufu ili amwache mtu apumzike. Mambo ni mabaya zaidi kwa “mist”. Katika Kijerumani cha leo neno lenye sauti hizo hizo maana yake ni samadi, mavi ya mifugo, na ni tamko la mtu aliyeudhika. Sauti ni ile ile. Mwingereza anaona ukungu juu ya malisho asubuhi, na Mjerumani anaona kilichoachwa na ng’ombe katika malisho hayo hayo.

2. Mlango wa ghala

Wako waliojaribu kuitenga sauti na maana kwa makusudi. Mwaka 1955, katika mhadhara alioutoa Oxford kuhusu Kiingereza na Kiwelisi, J. R. R. Tolkien, aliyekuwa profesa wa lugha kabla dunia haijamjua kuwa mtunzi wa riwaya, alitaja maneno mawili, “cellar door”. Alisema kwamba wasemaji wengi wa Kiingereza watakubali kuwa ni mazuri, hasa yakitengwa na maana yake na namna yanavyoandikwa. Wazo hilo halikuanza kwake. Lilikuwa limekwisha kuonekana katika maandishi ya Kimarekani tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini kwa sababu ya jina lake, ndiye anayekumbukwa.

Maana ya maneno hayo ni mlango wa chumba cha chini ya nyumba, mahali pa kuwekea makaa, mvinyo au viazi. Hakuna anayeota ndoto juu ya mlango wa namna hiyo. Lakini yakitamkwa kwa matamshi ya kusini mwa Uingereza, ambako herufi “r” ya mwisho haisikiki, yanakuwa kitu kama “sela-doo”, yenye mkazo mwanzoni na irabu ndefu mwishoni, na sikio lisilojua maana linaweza kudhani limesikia jina la nchi ya mbali au la binti wa kifalme.

Yafaa kuangalia neno “kudhani” hapo juu. Hata katika jaribio hili maana haikufukuzwa kabisa. Ilipotolewa mlangoni, nyingine iliingia dirishani. Msikilizaji aliyesahau makaa na viazi hakubaki na sauti tupu. Alijiundia nchi na binti, kwa kuwa majina mengi ya hadithi za Ulaya yanafanana na sauti hizo. Kwa Mkongo asiyelelewa na hadithi hizo, “sela-doo” haimfungulii mlango wowote.

3. Kipimo cha fonetiki

Mwanaisimu Mwingereza David Crystal alilishughulikia jambo hili kwa utaratibu zaidi. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1995 alichunguza maneno yaliyokuwa yakitajwa mara kwa mara kuwa mazuri, akatafuta sifa za kifonetiki zinazoyaunganisha. Aliona kwamba mara nyingi huwa na silabi tatu au zaidi, mkazo huwa juu ya silabi ya kwanza, sauti “l” na “m” hujitokeza sana, na konsonanti za neno moja hutamkwa kwa namna mbalimbali badala ya kurudiarudia namna moja. Neno lililotimiza masharti yake yote lilikuwa “tremulous”, yaani -enye kutetemeka, kama sauti ya mtu anayejizuia asilie.

Kazi hiyo ina manufaa, kwani inaonyesha wasemaji wa Kiingereza wanavutiwa na nini. Lakini haisemi kwamba sauti hizo ni nzuri zenyewe. Ushahidi upo karibu sana. Neno “malaria” lina “m”, lina “l”, lina irabu zinazofuatana kwa wepesi. Lilitoka katika Kiitaliano, likiwa na maana ya hewa mbaya, kabla haijajulikana kwamba mbu ndiye mwenye hatia. Asiyejua maana yake angeweza kumpa binti yake jina hilo. Katika nyumba za Kongo hakuna anayelisikia na kusifu ulaini wake.

Tena masharti hayo hayasafiri vizuri. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mwanafunzi anayesoma “melody” kwa desturi ya lugha yake atauweka mkazo katikati, atazipa irabu zote uzito sawa, na ile irabu hafifu ya Kiingereza, isiyo miongoni mwa irabu tano za Kiswahili, itatoweka. Neno litakuwa limebaki lile lile kwenye karatasi, ila muziki ambao Crystal aliupima utakuwa umebadilika.

4. Sauti moja, maneno mawili

Liko jaribio rahisi zaidi, ambalo Kiingereza chenyewe kimelifanya bila kuombwa. Lugha hiyo ina maneno mengi yanayotamkwa sawa lakini yenye maana mbalimbali. Kama uzuri ungekuwa katika sauti, maneno ya namna hiyo yangepaswa kupendwa sawasawa.

Tuseme “flower” na “flour”. La kwanza ni ua, la pili ni unga wa ngano. Katika matamshi ya wengi hayana tofauti yoyote. La kwanza linaimbwa, linapewa wasichana kuwa jina la mapenzi. La pili linabaki jikoni. Na ajabu ni kwamba asili yake ni neno moja. Unga laini wa ngano uliitwa ua la ngano, kwa maana ya sehemu iliyo bora, na maandishi ya zamani hayakuyatenganisha kwa tahajia. Utengano huo ulikamilika baada ya karne ya 18. Neno moja liligawanyika mara mbili, nusu ikaenda bustanini na nusu ikaingia katika gunia.

Mfano wa pili unagusa zaidi. “Morning” ni asubuhi, na “mourning” ni maombolezo, matanga. Waingereza wengi huyatamka sawa kabisa, ingawa Waskoti wengi huyatofautisha. Kelele zile zile za kinywa humwambia mtu kwamba jua limechomoza au kwamba amefiwa, na hakuna anayechanganyikiwa, kwa maana maneno yanayotangulia na yanayofuata huongoza sikio. J. R. Firth, profesa wa isimu katika Chuo Kikuu cha London, alifundisha miaka ya 1950 kwamba sehemu ya maana ya neno ni yale maneno ambayo limezoea kuandamana nayo. Kwa hiyo neno huja na jamaa zake wote, na yeyote analipokea pamoja nao.

Mwaka 2004 shirika la British Council, lililoanzishwa mwaka 1934, liliadhimisha miaka 70 kwa kuwauliza watu zaidi ya 40,000 wa nchi 102 zisizokuwa za Kiingereza ni neno gani la lugha hiyo lililo zuri zaidi. Jibu la kwanza lilikuwa “mother”, mama. Yakafuata “passion”, shauku, “smile”, tabasamu, “love”, upendo, na “eternity”, umilele. Neno la baba halikupata nafasi hata moja kati ya 70 zilizotangazwa. Akina baba watajibu wenyewe.

Waliopiga kura hiyo walikuwa wageni wa Kiingereza, na katikati ya “mother” imo ile “th” inayowasumbua Wafaransa, Wakongo na wengine wengi wasiokuwa nayo katika lugha zao. Hawakulichagua kwa wepesi wa kulitamka. Tena likiongezwa “s” mwanzoni, linakuwa “smother”, yaani kumziba mtu pumzi mpaka afe, na neno hilo halijulikani kuwa limeingia katika orodha yoyote ya maneno mazuri, ijapokuwa limembeba mama mzima ndani yake.

5. Sehemu ya sauti

Je, sauti haina kazi kabisa? Kusema hivyo kungekuwa kuvuka mpaka. Ferdinand de Saussure, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, alifundisha kwamba uhusiano kati ya sauti ya neno na maana yake ni wa nasibu. Aliyatambua maneno yanayoiga milio, lakini aliyaweka pembezoni, akionyesha kwamba mengine yanafanana na milio kwa bahati tu ya mabadiliko ya karne nyingi. Msingi huo bado umesimama. Lakini ndani ya lugha moja, nasibu ikirudiwa mara nyingi hugeuka kuwa mazoea.

Firth aliyetajwa juu aliandika mwaka 1930 juu ya makundi ya sauti yanayojikusanyia maana bila kuwa mofimu kamili. Mfano unaotajwa sana ni “gl-” ya mwanzo wa neno: “gleam”, “glow”, “glitter”, “glimmer”, “glint”, “glisten”, yote ya mwanga, kila moja na namna yake ya kung’aa. Hakuna awezaye kusema kwamba “gl” yenyewe ina mwanga. “Glove” ni soksi ya mkono na “glue” ni gundi. Ila mtu aliyekua na Kiingereza, anaposikia “glimmer”, mwanga hafifu unaopepesa, husikia nyuma yake minong’ono ya ndugu zake wote. Vivyo hivyo “sn-” imejishikiza puani: “sneeze” ni kupiga chafya, “snore” ni kukoroma, “sniff” ni kunusa. Haishangazi kwamba maneno ya “sn-” hayaonekani sana kwenye orodha za uzuri.

Mswahili hawezi kuliona jambo hilo kuwa geni. Kwaruza, kwangua, kwama, kwaza: mwanzo huo wa “kwa-” una kitu kinachokatalia njiani, ingawa mwimba kwaya hana hatia. Kunong’ona na kunung’unika vimetofautiana kwa sauti chache tu. Cha kwanza ni cha wapendanao, cha pili ni cha wenye kinyongo. Kiingereza kimeviweka vyote viwili ndani ya “murmur” moja: kijito kinafanya “murmur”, na wana wa Israeli jangwani, katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, wanafanya “murmur” juu ya Musa. Funk alisikia kijito. Msomaji wa Biblia angeweza kusikia manung’uniko.

Lugha za Kibantu zimekwenda mbali zaidi kwa tanakali zake, ambazo C. M. Doke alizipa nafasi ya aina ya pekee ya maneno katika istilahi zake za mwaka 1935. Anayesema nyeupe pe, nyeusi ti, kimya jii, hahitaji orodha ya Mmarekani kumfundisha kwamba sauti inaweza kubeba hisia. Kiingereza kina umaskini katika upande huo, na huenda ndiyo sababu “hush” inathaminiwa hivyo: ni miongoni mwa maneno machache ya sanifu ambayo bado yanafanya kile yanachokisema.

6. Hukumu ya uzuri na wanaohukumiwa

Miaka ya 1970 Howard Giles na Peter Trudgill, pamoja na wenzao, walichunguza kwa nini lahaja fulani huitwa tamu na nyingine chafu. Nchini Uingereza lafudhi ya Birmingham ilikuwa ikiwekwa mkiani. Walipowasikilizisha Waingereza wasiojua Kiyunani lahaja mbili za lugha hiyo, ile ya Athens yenye heshima na ile ya Kreta, wasikilizaji hawakuona iliyo nzuri kuliko nyenzake. Matokeo ya namna hiyo yalipatikana pia kwa Wawelisi waliosikilizishwa Kifaransa cha Ulaya na cha Kanada. Asiyejua nani ni mkubwa na nani ni mdogo katika jamii hasikii uzuri wala ubaya.

Katika miji ya mashariki na kusini mwa Kongo, watu hujidharau kwa kusema kwamba Kiswahili bora kiko kwingine, pwani, na kwamba chao ni cha kubabia tu. Anayetoa hukumu hiyo hudhani ameipata kwa sikio. Utafiti wa Giles na wenzake unaonyesha kwamba huenda ameipata shuleni, kanisani na ofisini.

7. Maneno yaliyosafiri

Baadhi ya maneno yanayopendwa na Waingereza yana hadithi inayoweza kufuatiliwa mpaka siku ya kuzaliwa kwake. Tarehe 28 Januari 1754 Horace Walpole aliandika barua akieleza kwamba amebuni neno “serendipity”, kutokana na hadithi ya wana watatu wa mfalme wa Serendip, waliokuwa wakigundua mambo wasiyoyatafuta kwa bahati na werevu. Serendip ndilo jina ambalo Waarabu na Waajemi walikiita kisiwa cha Sri Lanka. Watu wa pwani husema kuokota dodo chini ya mwarobaini. Usemi huo unayo bahati, ila werevu wa wale wana watatu umebaki nje.

Kiswahili nacho kimetoa. Neno “safari” linaonekana katika maandishi ya Kiingereza ya Richard Burton mwaka 1860, katika kitabu chake juu ya nchi za maziwa. Kwa Mwingereza wa leo linaamsha nyasi ndefu, simba na hema jioni. Kwa Mswahili, ambaye mwenyewe aliazima neno hilo katika Kiarabu, safari ni kwenda popote: kwenye matanga, kwa daktari, kufuata mshahara usiofika. Neno limepata utajiri ugenini, na jamaa zake wa nyumbani hawakuambiwa.

Hapo ndipo mfasiri hukwama. Achukue “gloaming”, neno lipendwalo na washairi wa Uskoti, lenye asili ya Kiingereza cha kale na linalodhaniwa kuwa la ukoo mmoja na “glow”. Ni ule wakati baada ya jua kutua ambapo nuru haijaondoka. Machweo hayatoshi, kwani machweo ni kutua kwenyewe. Magharibi inaleta sala na upande wa dunia. Utusitusi unakaribia, ila una giza kuliko nuru. Na kosa si la Kiswahili. Kaskazini mwa Uskoti, mwezi wa Juni, mwanga huo hukaa angani saa nyingi, na usiku wenyewe hauwi mweusi kamili. Watu wana muda wa kutembea, kuimba na kuposana ndani yake. Mfasiri aliyeko Kisangani, karibu kabisa na mstari wa Ikweta, ana dakika zipatazo ishirini na kidogo tu kabla ya kuwasha taa.